Bei Mbili za Mradi Mmoja

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: uraia na hesabu

Tafadhali kaeni vizuri, fungueni madaftari, na mwalimu wa darasa ashike chaki. Somo letu la leo ni la uraia, lakini ndani yake mna hesabu, maana mtu hawezi kuzungumza juu ya fedha za watu wote bila kuhesabu.

Mwalimu, andika ubaoni maneno haya matano: mapato, matumizi, makisio, mradi, matunzo. Darasa, yasomeni pamoja kwa sauti. Vyema.

Mapato ni fedha zinazoingia. Matumizi ni fedha zinazotoka. Makisio ni hesabu ya mbele: kabla mwaka haujaanza, tunakadiria kitakachoingia na kitakachotoka. Siku hizi wengi huyaita bajeti. Mradi ni kazi ya maendeleo, kama kisima, soko, zahanati au barabara. Matunzo ni kila jambo linalofanywa baada ya mradi kumalizika ili mradi usife.

Neno hilo la mwisho husahauliwa sana mikutanoni. Wengi wetu tukisikia habari za mradi huuliza, "Utajengwa kwa shilingi ngapi?" Hilo ni swali jema, lakini ni nusu ya swali. Kila mradi una bei mbili: bei ya kujenga na bei ya kutunza. Leo tutajifunza kuuliza zote mbili.

MTO WETU NA MJI UNAOKUA

Ninyi mnaokaa Ruvu, Mlandizi, Kibaha na Kisarawe mnaujua Mto Ruvu. Maji yake hutoka katika milima ya Uluguru, hupita nchini kwetu, na huingia Bahari ya Hindi upande wa Bagamoyo.

Mwaka 1957 watu wa mji wa Dar es Salaam walihesabiwa, wakaonekana kuwa 128,742. Mwaka 1959 ukajengwa mtambo wa Ruvu Juu, hapa Mlandizi, wa kuvuta maji ya mto, kuyasafisha na kuyapeleka mjini kwa bomba. Watu walipohesabiwa tena mwaka 1967, walikuwa wamepita 270,000. Mji ulikuwa umekua zaidi ya mara mbili kwa miaka kumi tu. Katika miaka ya 1970 ikabidi ujengwe mtambo wa pili, yaani Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo.

Sasa andikeni hesabu ya mji wa Kibaha. Mwaka 2012 watu wa Kibaha mjini walikuwa 128,488. Toeni namba hiyo katika 128,742. Mmepata ngapi? Jibu ni 254. Basi Kibaha ya mwaka 2012 ilikuwa karibu sawasawa na Dar es Salaam ya mwaka 1957. Mwaka 2022 watu wa Kibaha walihesabiwa tena, wakawa 265,360. Nao pia wamezidi mara mbili kwa miaka kumi.

Mnaona jambo lenyewe? Kibaha sasa inapita njia iliyopitwa na Dar es Salaam zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Reli mpya ina kituo Ruvu. Bandari kavu ya Kwala ilizinduliwa Julai 2025. Kazi zikija, watu huja, na watu wakija hutaka maji, shule, soko, mifereji ya mvua na mahali pa kutupa taka. Mambo hayo yote hayawezi kufanywa kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo hapana budi kujadiliana: lipi litangulie, lipi lingoje, na nani atalilipia.

MIFUKO MITATU

Fedha za mradi hutoka katika mifuko mitatu: msaada, mkopo na mfuko wetu wenyewe. Tutazame mifano ya karibu, kisha mtaona kwamba kila mfuko una masharti yake.

Mfuko wa kwanza ni msaada. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilipatana na nchi nne za kaskazini mwa Ulaya, yaani Denmaki, Norwe, Uswidi na Ufini, kujenga Kibaha mahali pa elimu na maendeleo. Pakajengwa shule ya sekondari, chuo cha wakulima na kituo cha afya. Tarehe 10 Januari 1970 wageni wakakabidhi kazi yote kwa Tanzania, na likawa Shirika la Elimu Kibaha. Kituo kile cha afya ndicho chanzo cha Hospitali ya Tumbi, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani.

Fikirini siku ile ya kukabidhiwa. Majengo yalikuwa ya bure. Lakini je, mishahara ya walimu ilikuwa ya bure? Dawa, vitanda, rangi ya kuta, mabati ya kubadilisha, chakula cha wanafunzi, vyote hivyo vilitaka fedha mwaka hadi mwaka. Mgeni akikupa ng'ombe, hakupi majani ya kumlisha siku zote. Hii si sababu ya kukataa ng'ombe. Ni sababu ya kutazama malisho kabla ya kumpokea.

Mfuko wa pili ni mkopo. Mtambo wa Ruvu Juu ulipokuwa haukidhi haja tena, ulipanuliwa kwa mkopo kutoka India. Zamani ulitoa lita milioni 82 kwa siku. Baada ya kupanuliwa ukaweza kutoa lita milioni 196. Ulizinduliwa Juni 2017. Ruvu Chini nayo ilipanuliwa kwa msaada wa Marekani, kutoka lita milioni 180 hadi milioni 270 kwa siku. Tofauti ya msaada na mkopo mnaijua. Mkopo hurudishwa, tena na faida yake, na pengine mlipaji atakuwa mtoto ambaye leo yuko darasa la kwanza. Basi mkopo wafaa kwa kitu ambacho mtoto huyo naye atakitumia. Kukopa kwa ajili ya jambo litakalokwisha mwaka huu ni kumwachia mtoto deni bila mali.

Mfuko wa tatu ni wetu wenyewe: kodi, ushuru, na ada tunazolipa kwa huduma. Mji wa Kisarawe uko juu vilimani. Kwa miaka mingi maji ya Ruvu yalipita chini kwenda Dar es Salaam, na watu wa Kisarawe waliendelea kuhangaika na ndoo. Kisha mamlaka ya maji, DAWASA, ikajenga mradi wa kuyapandisha maji kutoka Kibamba hadi Kisarawe. Uligharimu shilingi bilioni 10.6, nao ulizinduliwa Juni 2020. Fedha zile zilitoka katika mapato ya DAWASA yenyewe, yaani katika ankara ambazo wateja hulipa kila mwezi. Mtu wa Dar es Salaam aliyelipa ankara yake alisaidia kumfikishia maji mtu wa Kisarawe, ijapokuwa hawajuani.

Angalieni vizuri. Ada ya maji inapokusanywa yote na kuandikwa, kwanza hutunza mtambo uliopo, na ikibaki hujenga mwingine. Isipokusanywa, au ikikusanywa ikapotea njiani, hata mtambo uliopo hufa. Ndiyo maana wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

MKUTANO WA KIJIJI

Sasa tufanye mfano. Kijiji hiki hakipo katika ramani, na namba zake tumezitunga ili tujifunze kuhesabu. Lakini maneno yatakayosemwa mmekwisha kuyasikia wenyewe.

Tuseme kijiji kimoja karibu na Mto Ruvu kina shilingi milioni 30 za maendeleo. Mtendaji analeta shauri la kuchimba kisima kirefu chenye mashine. Bei ya kujenga ni shilingi milioni 24. Watu wanapiga makofi.

Mzee mmoja anasimama. "Bwana Mwenyekiti, mimi sikatai maji. Lakini zahanati yetu inavuja. Mvua ikinyesha, mama aliyejifungua anasogezwa kitanda kona hii na kona hii. Fundi amesema paa litagharimu milioni tisa. Tukitoa milioni 24 katika 30, zinabaki sita. Paa halipatikani."

Mama mmoja naye anaomba nafasi. "Bwana Mwenyekiti, baba yangu amesema kweli juu ya zahanati, nami nilijifungulia humo. Lakini yeye hachoti maji. Sisi tunateka mtoni, na mtoni mna mamba. Mkingoja hesabu zenu ziwe nzuri, mtoto wa mtu atachukuliwa."

Mkutano unanyamaza, maana wote wawili wamesema kweli. Ndivyo ulivyo mjadala wa fedha za umma. Mara nyingi hatuchagui kati ya jema na baya. Tunachagua kati ya jema na jema, na fedha hazitoshi.

Ndipo kijana mmoja, msomi wa darasa la jioni kama ninyi, anauliza, "Bwana Mwenyekiti, mashine hiyo itakula nini?" Watu wanacheka. Lakini mtendaji anafungua karatasi na kusema: umeme, mlinzi na matengenezo, jumla shilingi 300,000 kwa mwezi.

Chukueni kalamu. Shilingi 300,000 kwa miezi 12 ni shilingi ngapi? Ni 3,600,000 kwa mwaka. Kwa miaka kumi? Ni 36,000,000. Basi bei ya kujenga ni milioni 24, na bei ya kutunza kwa miaka kumi ni milioni 36. Bei ya pili imeipita ya kwanza!

Fedha hizo zitatoka wapi? Mtendaji anasema kila ndoo itauzwa shilingi 50. Kijiji hutumia ndoo 120 kwa siku za kununua. Ndoo 120 kwa siku 30 ni ndoo 3,600. Zidisheni kwa 50. Ni shilingi 180,000 kwa mwezi. Lakini zinatakiwa 300,000. Kila mwezi kijiji kitapungukiwa na shilingi 120,000. Na wakati wa masika, watu watakapokinga maji ya mvua, pengo litakuwa kubwa zaidi. Mwezi wa kwanza mlinzi atavumilia. Mwezi wa tatu ataondoka. Mwezi wa sita mashine itaharibika, na mama yule atarudi mtoni kwa mamba, akipita kando ya kisima cha milioni 24.

Je, wakate tamaa? Hapana. Kijana yule anauliza kama kuna namna nyingine. Fundi wa maji anajibu kwamba penye maji ya karibu panaweza kuchimbwa kisima cha pampu ya mkono kwa shilingi milioni 10, na matunzo yake ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Ndoo 3,600 zikiuzwa shilingi 20 kila moja, zinapatikana shilingi 72,000. Matunzo yamelipwa, na zinabaki shilingi 22,000 za akiba ya vipuri. Na katika zile milioni 30 za kwanza zimebaki milioni 20. Paa la zahanati lipo.

Pampu ya mkono ni ya polepole, na foleni itakuwapo. Mashine ingependeza zaidi siku ya sherehe. Lakini mradi mzuri ni ule ambao mwaka wa kumi bado unatoa maji.

MTAMBO HAUZAI MAJI

Turudi kwenye mto wenyewe, maana kuna matunzo ya namna nyingine. Jumlisheni 196 na 270. Ni 466. Hizo ndizo lita milioni ambazo mitambo miwili ya Ruvu iliweza kutoa kwa siku. Lakini mvua zilipokosekana mwaka 2022, mto ulipungua sana. Mwezi wa Oktoba mwaka ule uzalishaji ulishuka hadi lita milioni 300 kwa siku, na maji yakatolewa kwa mgao. Mitambo ilikuwa ile ile. Mabomba yalikuwa yale yale. Kilichopungua ni mto. Mtambo hauzai maji. Huyasafisha na kuyasukuma tu.

Mwezi uliofuata, Novemba 2022, ulitiwa saini mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, kwa gharama ya shilingi bilioni 329 hivi. Bwawa limepangwa kuweka mita za ujazo milioni 190 za maji, ili maji ya masika yangoje kiangazi. Hata hapa bei ya pili ipo. Bwawa huingiliwa na mchanga. Miti ya Uluguru ikikatwa na kingo za mto zikilimwa, udongo huteremka na maji, na bwawa hujaa matope badala ya maji. Kwa hiyo mkulima anayeacha majani ukingoni mwa Mto Ruvu anatunza mradi mkubwa wa taifa, ijapokuwa hana cheo wala mshahara. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; na ukuta wa bwawa ni ghali.

MAHALI PA KUULIZA

Pengine mtasema, "Mwalimu, mambo hayo ni ya wakubwa. Sisi tutauliza wapi?" Sikilizeni njia yenyewe.

Kijijini mna Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe, mwanamume na mwanamke. Mkutano huo hufanywa kila miezi mitatu, na humo wananchi husomewa mapato na matumizi. Mjini mna mkutano wa mtaa. Mashauri hutoka huko kwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani, na mwisho yanafika Serikali Kuu na Bunge. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Basi anayekuja kuomba barabara mwezi wa Juni amechelewa, kwa maana makisio yamekwisha kupangwa. Shauri lianze mapema, mwaka ungali mchanga.

Fedha zikiisha kutumika, yupo mwenye kuzikagua: Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Taarifa yake hufika kwa Rais, kisha huwekwa mbele ya Bunge. Lakini mkaguzi hawezi kukaa kwenye kila kisima. Mkaguzi wa kwanza wa kisima ni yule anayeteka maji hapo kila asubuhi, ikiwa anajua kusoma namba zilizobandikwa ukutani. Ninyi sasa mnajua kuzisoma.

Nakilini maswali haya matano katika madaftari, mwende nayo mkutanoni:

1. Mradi huu utamfaa nani, na nani ataachwa?
2. Fedha zinatoka mfuko gani: msaada, mkopo, au wetu wenyewe?
3. Matunzo ni shilingi ngapi kwa mwezi, na nani atayalipa?
4. Watu wakizidi mara mbili, mradi utatosha?
5. Tukichagua huu, ni upi tutakaouacha, na nani atatusomea hesabu?

Ulizeni kwa heshima. Anayeuliza hesabu hamtukani kiongozi. Kiongozi mwema hufurahi, kwa maana akiisha kujibu hadharani, watu huwa mashahidi wake. Wala msiogope kucheka kwa watu. Yule kijana alichekwa alipouliza mashine itakula nini, na swali lake ndilo lililookoa fedha za kijiji.

KAZI YA DARASA

Mwalimu, gawa darasa katika vikundi viwili, mzungumze mambo haya.

Kwanza. Katika mfano wetu, baada ya pampu moja ya milioni 10 na paa la milioni tisa, zimebaki shilingi ngapi katika milioni 30? Zinatosha kuchimba kisima cha pili cha pampu?

Pili. Ikiwa kisima cha pili kitachimbwa na kijiji kikaendelea kununua ndoo 120 kwa siku kwa shilingi 20, matunzo ya pampu mbili yatalipika? Kikundi cha kwanza kitetee kuchimba sasa. Kikundi cha pili kitetee kungoja. Kisha mbadilishane.

Tatu. Tajeni mradi mmoja wa mahali penu. Bei yake ya kujenga bila shaka mlitangaziwa. Je, bei yake ya kutunza mnaijua? Kama hamuijui, nani kati yenu ataiuliza katika mkutano ujao?

Aliyepewa kazi hiyo aandike jibu alilopata, aje alisome mbele ya darasa. Nasi tutakutana tena katika somo lijalo. Hadi hapo, kwaherini.